Fundi aliyeniomba siki: swimingi yenye ukungu, Malindi

Nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu nimeikata kwa sababu ya simu yake, nitafika huko.

Kwanza hali yangu ili mjue naongea kuhusu nini. Mie nasimamia nyumba ya wageni ya vyumba vinne huku Casuarina, mwenyewe ni Mtaliano yuko kwao anakuja mara mbili kwa mwaka, na nyumba ina swimingi ya mita 10 kwa 5, mwanzo kina mita moja mwisho mita mbili, piga hesabu ni kama lita 75,000. Si kubwa hivyo. Lakini kuanzia Septemba hadi wiki ya pili ya Disemba hiyo swimingi imenilia pesa na usingizi kushinda watoto wangu watatu wakiwekwa pamoja.

Na maji hayakuwa kijani, tuelewane hapo. Kijani kila mtu anaijua, ule ni mwani, unapiga klorini unapiga brashi inaondoka. Haya yalikuwa meupe, ukungu tu, kama tui la mwisho lile nazi ushaikamua mpaka imechoka. Ukisimama pembeni unaiona ngazi ya kwanza, ya pili unaibahatisha, ya tatu haipo kabisa. Harufu ya ajabu hakuna, ukuta hautelezi, na yale matone ya kupimia ukiyadondosha yanageuka manjano iliyokolea, maana yake klorini imejaa. Sasa klorini imejaa na sakafu haionekani, hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma.

Mtu wa bara atasema si wageni waende baharini, bahari si iko hapo. Iko, lakini Novemba mvua zikinyesha huko juu mto Sabaki unashuka na tope lake lote, na kaskazi ikishaanza kuvuma inalisukuma lile tope kuja huku kwetu, bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mgeni katoka Milano kafuata maji ya buluu, anakuta bahari ni chai na swimingi ni tui. Mlinzi wetu akasema, dada, hapa kilichobaki ni mahamri tu. Nilicheka lakini moyoni sikucheka, manake siku hiyohiyo kuna familia ilihama ikaenda Watamu na pesa za usiku tatu nikawarudishia.

Sasa safari ya dawa. Duka la kwanza silitaji jina, lakini nilienda mara tatu na mara zote tatu kijana wa kaunta hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza swimingi ina lita ngapi, hakuuliza natumia klorini ya aina gani, hakuniambia nilete maji kwenye chupa yapimwe. Nikisema maji yana ukungu, anageuka nyuma kwenye rafu.

Mara ya kwanza akanipa kichupa cha lita moja cha kung'arisha maji, 1,400. Kile kinachofanya ni kuzikusanya zile chembe ndogo ndogo zinazoelea zishikane ziwe kubwa ili filta izinase. Nikamwaga kama ilivyoandikwa, pampu ikatembea usiku kucha, asubuhi maji yale yale. Nikarudia nusu iliyobaki. Yale yale. Kile kichupa nakipa nyota mbili, na si kwamba ni kibaya, ila hakina uwezo wowote kama filta yako haishiki kitu, na hilo mie sikulijua wala muuzaji hakujishughulisha kulijua.

Mara ya pili akanipa shabu. Hii nikafurahi manake shabu naijua tangu utotoni, bibi yangu alikuwa na kipande chake amekifunga uzi, maji ya kisima yakija na udongo anakizungusha kwenye mtungi mara saba nane halafu anafunika na kawa, ukija jioni udongo wote umekaa chini na juu maji kama kioo. Basi kilo tatu za shabu, tukazikoroga kwenye ndoo, tukamwaga swimingi nzima, pampu tukazima usiku. Na wallahi ilifanya kazi! Asubuhi chini kumejaa kitu kama wingu, blanketi jeupe limetandaza sakafu yote, na juu yake maji yameng'aa, nikapiga picha nikamtumia mwenye nyumba, akajibu bravissima.

Halafu kijana wetu wa usafi akaja na vakumu akalivuta lile wingu lote vizuuri, pole pole bila kutimua, akalipitisha kwenye filta. Kufika saa nane mchana maji yalikuwa tui tena. Hatukujua kwamba uchafu wa shabu unavutwa moja kwa moja kutupwa nje, ile hendeli ya juu ya filta unaizungusha uiweke pale pa kumwaga, si pale pa kuchuja. Sisi tuliutoa chini tukaurudishia juu. Kwa hiyo shabu naipa nyota nne na makosa yalikuwa yetu, ingawa muuza duka angesema neno moja tu angeniokolea siku mbili na dola za watu.

Mara ya tatu ndio ilikuwa balaa. Nikaambiwa maji yangu yamechoka, niyapige klorini ya unga, ile HTH, na soda ashi kidogo, ule unga wa kupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji, ikishuka asidi imezidi), kuyaweka sawa. Vyote jioni moja. Kama unajua maji ya Malindi ushaanza kucheka. Swimingi yetu wakati wa kiangazi huwa tunaiongeza na maji ya kisima, na kisima chetu kimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake yana chumvi na chokaa mpaka birika la chai linaota gamba jeupe kila mwezi. Maji ya chokaa ukiyapandisha pH kwa ghafla, ile chokaa iliyokuwa imeyeyuka haionekani inatoka yote mara moja. Nilisimama na taulo begani nikitazama maji yakigeuka mbele ya macho yangu kutoka tui la mwisho kuwa tui la kwanza, zito, jeupe pe, hata ile ngazi ya kwanza ikapotea. Ilibidi tununue asidi kuirudisha pH chini, siku mbili baadaye yakarudi kwenye ukungu wake wa zamani. Yaani nilitumia zaidi ya elfu nne kurudi pale nilipokuwa.

Na kuna hili ambalo nililijua baadaye na mpaka leo likinijia nasisimka mwili. Ile HTH na tembe za klorini alinifungia kwenye mfuko mmoja, karatasi moja ndani ya nyingine. Zote zimeandikwa klorini, nani angefikiria. Hizo mbili zikichanganyika kavu na unyevu kidogo ukaingia zinaweza kulipuka au kuwaka moto. Nilizibeba kwenye tuktuk mapajani mwangu.

Fundi nilimpata kupitia mpishi wa nyumba ya jirani. Ni mzee, amefanya kazi kwenye mahoteli ya huku miaka mingi, sasa yuko peke yake na mkoba wake. Alisema atakuja Jumatatu saa mbili asubuhi akaja Jumanne saa tano. Kashuka kwenye tuktuk, kofia ya kiua, mkoba wa turubai, nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye maji tayari. Hakuuliza dawa ziko wapi. Akasema, mwanangu, niletee gilasi mbili safi na siki.

Nikasema ami, siki? Siki ya kachumbari?

Hiyo hiyo.

Akachota maji ya swimingi kwenye gilasi zote mbili, moja akaiacha, nyingine akatia vijiko viwili vya siki akakoroga. Akaziweka juu ya ukuta zikiangalia jua akawasha sigara. Kimya. Baada ya dakika kama tano akaniita, akaniambia tazama. Mie naona gilasi mbili zote zina ukungu. Akasema ndio, hilo ndilo nilitaka kujua, ukungu ungekuwa wa chokaa siki ingeula, gilasi hii ingekuwa nyeupe ya kuona mpaka ng'ambo. Haujaondoka, basi huu si chokaa, ni kitu kingine. Kwa hiyo usinunue asidi tena.

Hapo hapo nilimwamini. Miezi mitatu nanunua vitu na huyu wa kwanza kuniambia nisinunue.

Halafu akatoa vipimo vyake mkobani. Vyetu vile vya matone ya manjano akavitazama akavirudisha kwenye kiboksi chake kwa heshima kama mtu anayefunika maiti. Akanieleza, na hii nataka kila mwenye swimingi aisikie, kwamba yale matone ya manjano yanapima klorini yote kwa jumla, iliyo hai na iliyokwisha kazi pamoja, hayatenganishi. Yeye anatumia vitembe vidogo vinavyogeuza maji kuwa pinki, DPD, namba 1 kinaonyesha klorini iliyo hai, ukiongeza namba 3 unapata jumla. Yetu iliyo hai ilikuwa 2, jumla 3.5, hizi namba zote ni miligramu kwa kila lita. Ile 1.5 ya katikati ni klorini ambayo ishajifunga na jasho na mkojo na vitu vya wageni, iko majini inahesabika lakini haifanyi kazi, na inatakiwa isizidi 0.5 hivi.

Lakini hata hiyo 2, nikamuuliza, si iko sawa? Kila mahali wameandika 1 mpaka 3.

Akacheka. Akaniuliza unatumia tembe? Tembe tatu kila wiki, nikamwambia, zile kubwa za gramu 200, tunaweka kwenye kile kiboya kinaelea, tumefanya hivyo tangu mapema mwaka huu manake ni rahisi, kijana haharibu kipimo. Akaitikia kwa kichwa kama daktari akisikia unavuta pakiti mbili kwa siku.

Akachukua bomba moja refu jembamba la kioo, chini yake kuna kitone cheusi. Akachanganya maji ya swimingi na dawa kwenye kichupa, yakawa meupe, akaanza kuyamimina kwenye lile bomba kidogo kidogo huku anachungulia kutoka juu, akanipa na mie nichungulie. Kile kitone kikipotea unasoma namba pembeni. Kilipotea mara moja, chini kabisa, hata hatujamaliza kumimina. Inasoma 100 na zaidi, kipimo kimeishia hapo. Akarudia na maji nusu ya swimingi nusu ya mfereji, ikatoka 80, akasema zidisha mara mbili, 160. Inatakiwa 30 mpaka 50.

Hiyo ndiyo stabilaiza. Kila tembe ya klorini imechanganywa na hiyo dawa, kazi yake ni kuikinga klorini isiliwe na jua, na kidogo ni nzuri tena lazima, manake jua la huku linamaliza klorini tupu ndani ya saa chache. Ila klorini inakwisha, yenyewe haikwishi. Haivukizwi, hailiwi, filta haiishiki. Inabaki inajumlishwa. Akanipigia hesabu kwa kijiti kwenye mchanga, tembe moja kwenye lita 75,000 inaacha kama moja na nusu, tatu kwa wiki nne na nusu, kwa mwezi 18 hivi, miezi tisa mwenyewe fanya. Nikafanya. Ilifika kwenye 160 kama mshale, ingawa kiasi fulani kilikuwa kishatoka na maji ya bakwashi, yale ya kuiosha filta kwa kuyapitisha kinyume na kuyamwaga nje.

Na ikishakuwa nyingi hivyo inaikumbatia klorini kupita kiasi, klorini ipo lakini mikono imefungwa. Kwa 160 ningehitaji klorini kama 12 ndio maji yalindike, mie niko na 2 najiona tajiri. Kwa hiyo mwani ulikuwa unaota majini mchanga kabisa kabla haujapata rangi ya kijani, na mafuta ya jua ya wageni na vumbi na jasho vyote vinaelea, na hakuna wa kuviua. Ndio lile tui.

Dawa ya kuiondoa hakuna dukani, anasema, ni kumwaga maji tu. Na hapo nilitamani ningejua Septemba kabla ya vichupa.

Lakini akasema subiri, stabilaiza peke yake haielezi kwa nini shabu yako ilirudi haraka namna ile na kile kichupa hakikufanya kitu, tufungue filta. Tukafungua. Nikitegemea nini sijui, mchanga ni mchanga. Akaingiza mkono akatoa konzi akaimwaga kwenye kiganja changu. Ulikuwa na mabonge yamegandana kwa mafuta, magumu ya kuvunja kwa kidole, na katikati ya filta mmetoboka njia kama shimo la kaa, maji yanapita hapo moja kwa moja bila kuchujwa. Halafu nikaona kitu kinang'aa kiganjani. Kombe. Kombe dogo la pinki, zima, yale watoto wanaokota ufukweni. Na jingine. Na kipande cha tumbawe.

Akaniomba siki tena. Akadondosha kidogo juu ya mchanga kwenye kiganja changu na ukachemka, povu dogo dogo linalia shshsh, nimelisikia kwa masikio. Mchanga wa filta ni wa quartz, wa punje kama nusu milimita, siki haiufanyi kitu. Huu umetoka baharini.

Miaka miwili nyuma nililipia mchanga mpya, risiti ninayo, kwa mtu ambaye simtaji. Alichukua pesa ya mchanga wa dukani akaenda kujaza magunia ufukweni usiku. Sina la kusema zaidi, ila nyie wenye nyumba simameni pale mtu akifungua filta, msiende kupika.

Kazi yenyewe ilichukua wiki moja na siku mbili kwa sababu ya maji, si kwa sababu yake. Mchanga alinunua mifuko minne ya kilo 25, akaniletea risiti na akaifungua mbele yangu bila mie kumwambia. Kabla ya kumwaga mchanga alijaza filta maji nusu kwanza, ili mchanga ukianguka usivunje vile vidole vya plastiki vya chini vinavyokusanya maji, na kimoja kilikuwa kimevunjika kweli akakibadilisha.

Maji hatukumwaga yote. Mie nilitaka tumwage yote tumalize, akakataa kabisa. Nyumba iko karibu na bahari, maji ya chini ya ardhi yako juu, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au likainuka. Tulimwaga nusu, tukajaza, tukaacha pampu ichanganye siku nzima, tukamwaga nusu tena. 160 ikawa 80, 80 ikawa kwenye 40 na kitu. Kujaza tulitumia maji ya bomba yale ya Baricho yanayokuja kwetu usiku, mpira ndani ya swimingi na saa imetegwa, na malori mawili kuongezea. Kisima akakikataza. Hiyo ndiyo sehemu iliyouma, bili ya maji na malori ilizidi malipo yake yeye, na kama uko mahali maji hayatoki hii dawa kwako ni ghali kweli kweli.

Baada ya hapo akashusha pH mpaka 7.2, na jua likizama tukapiga HTH kilo mbili, tumeikoroga kwenye ndoo kwanza, unga unaingia kwenye maji si maji kwenye unga. Pampu haikuzimwa usiku wala mchana siku nne. Kijana anapiga brashi kuta asubuhi na jioni, klorini inapimwa na kuongezwa isishuke, na geji ya presha ya filta ikipanda kutoka 12 kufika 20 na kitu anafanya bakwashi, halafu anasuuza kidogo kabla ya kurudisha kwenye kuchuja. Hiyo ya kusuuza tulikuwa hatufanyi, kumbe uchafu unaobaki kwenye bomba ulikuwa unatapikwa swimingi kila tukimaliza bakwashi. Dakika moja tu jamani.

Siku ya kwanza ya hizo nne alitoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, ile ya ndovu, akaitupa pale kwenye kina karibu na bomba la kunyonyea chini. Akasema mwanangu usinipigie simu kuniuliza maji yamefikia wapi, tazama ishirini. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili asubuhi hakuna, jioni nikadhani nimeona lakini lilikuwa jani la mvinje. Siku ya tatu naona bomba la chini lile duara lake, kivuli kivuli. Siku ya nne nilitoka na kikombe cha chai saa kumi na mbili na nusu, jua liko chini, upepo bado haujaamka, na nikaiona. Ndovu sikumwona nisidanganye, mita mbili ni mbali kwa macho yangu haya, lakini sarafu ile pale, na ufa kwenye kigae kando yake ambao sikujua upo.

Nimesema nitafika kwenye simu. Simu yake iko mteja hapatikani siku nne kati ya saba. Akisema asubuhi chukulia mchana, akisema leo chukulia kesho. Ijumaa hagusi kazi kabla ya sala na hilo sina ubishi nalo, lakini Alhamisi je? Anapenda kuhadithia, utasikia habari za kila bwawa la Malindi na nani alianguka ndani na suti. Chai anakunywa ya tangawizi na lazima kiwepo cha kutafunia. Na hana risiti ya kazi yake, anaandika kwenye karatasi ya daftari, kwa hiyo kama mwenye nyumba wako anataka karatasi zenye muhuri jiandae kueleza.

Kazi nzima alinitoza 7,000 na nauli ya tuktuk juu, mchanga na dawa mbali. Nikakusanya risiti zangu za Septemba mpaka Novemba, vichupa, shabu, asidi, HTH, soda ashi na yale matone ya manjano, ilikuwa 19,000 na mia kadhaa. Kwa maji yale yale.

Sasa hivi tunatumia HTH kila jioni wageni wakishatoka, gramu 250 hivi kulingana na kipimo, tembe tumeweka za dharura tu kwa siku ambazo kijana yuko likizo, na ziko kwenye kabati lake peke yake mbali na HTH. Nimenunua kile kipimo cha pinki na lile bomba la kitone cheusi, kile cha pinki nakipa nyota tano bila kufikiria, lile bomba nne manake dawa yake inaisha haraka na ukiwa na macho kama yangu unabishana na mwenzako kitone kimepotea au bado. Fundi ameniambia HTH nayo inaongeza chokaa kidogo kidogo, kwa hiyo chokaa nayo naipima kila mwezi, na kama mwakani nitaona swimingi inaanza kufanana na birika ni kumwaga maji robo tena.

Namba yake siiweki hapa, amekataa, anasema akipigiwa na watu wengi hatapokea hata wale wachache. Huyo mpishi wa jirani ndiye njia.

Juzi alipita kuangalia geji, hakuitwa, alikuwa njiani tu. Maji akayatazama, akaguna, akauliza ile ishirini yake iko wapi. Nikamwambia ami, kuna mtoto wa mgeni alipiga mbizi akaichukua, ameenda nayo Italia. Akanyamaza kidogo. Kwenye karatasi ya daftari ya hesabu ya mwezi huu, chini kabisa baada ya nauli, kaandika: ndovu, 20.